Kukimbia mbio za nyika Mombasa wakati wa masika

Masika yakishika Mombasa, hasa mwezi wa Mei, wakimbiaji wengi hukaa ndani wakingoja jua. Mimi huwatoa vijana ninaowafundisha siku hizo hizo, kwa kuwa mbio za nyika haziahirishwi kwa sababu ya tope. Fuata hatua hizi.

1. Izunguke njia yote kwa miguu

Fanya hivi asubuhi ya mbio, hata kama uliizunguka jana. Mvua ya usiku mmoja hugeuza kila kitu. Kisiwani na Nyali, chini ya nyasi kuna mwamba wa matumbawe. Ukilowa huteleza kama sabuni, na msumari wa soli ya kiatu cha mbio hauushiki. Ukielekea bara, upande wa Miritini, utakutana na udongo mzito unaogandamana na soli mpaka mguu hauinuki. Mchanga ndio rafiki yako: ukilowa hushikana, ukakimbilika kuliko ulipokuwa mkavu. Dimbwi usilolijua kina, lipime kwa fimbo.

2. Viatu

Penye nyasi na tope vaa spaiki, yaani viatu vya mbio vyenye misumari kwenye soli, za misumari ya milimita 12 au 15. Njia ikiwa na mwamba mwingi, ziache nyumbani uvae viatu vya soli ya mpira yenye meno. Funga kamba fundo mbili, maana tope hunyonya kiatu mguuni. Jipake mafuta ya mgando mapajani na makwapani. Nguo iliyolowa huchubua.

3. Ogopa joto, hata mvua ikinyesha

Hapa ndipo hata wenyeji hukosea. Jasho huupoza mwili pale tu linapokauka. Hewa ikishajaa unyevu, linachuruzika bure na joto linabaki ndani. Kumbuka tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapa kwetu, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Masika yalikuwa hayajakolea, lakini joto na unyevu vilikuwa vikali. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa taji la mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alijitoa katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda zile kilomita 12. Mwezi wa Mei jua hupungua makali, unyevu haupungui.

Kwa hiyo usiifuate saa, fuata pumzi. Kilomita ya kwanza ukimbie kiasi cha kuweza kutamka sentensi fupi bila kukatika. Saa mbili kabla ya kuanza, kunywa maji au dafu kidogo kidogo. Na ukihisi baridi ya ghafla, vinyweleo vikasimama, au ukaanza kuyumba, simama papo hapo uende kivulini umwagiwe maji. Niliwahi kuipuuza dalili hiyo, nikaanguka huku mwisho nauona. Sitaki limpate mwingine.

4. Topeni

Piga hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya nyonga, na mikono uipanue kidogo upate mizani. Kwenye kona usigombanie ndani, ambako wenzako wamekwisha kuvuruga udongo. Pita nje penye nyasi ambazo hazijakanyagwa: utaongeza mita chache na utabaki wima. Kwenye mteremko inama mbele kidogo, kwani anayejivuta nyuma hutua kwa kisigino na kuteleza.

Upepo wa kusi ukikukabili, jibanze nyuma ya mwenzako. Mkigeuka ukawa mgongoni, hapo ndipo umpite.

5. Radi

Acha mbio. Ingia ndani ya jengo au gari, wala usijikinge chini ya mibuyu ya ufukweni Mama Ngina.

6. Ukishamaliza

Osha miguu kwa sabuni na maji safi mapema, kwa sababu maji ya mvua mitaani huchanganyika na ya vyoo. Kama matumbawe yamekukata na hukumbuki lini ulichanjwa pepopunda, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Viatu visuuze, vijaze magazeti, uyabadilishe yakilowa. Usivianike juu ya jiko, gundi itaachia.