Pa Kuanzia kwa Mwanafunzi wa Upigaji Picha Anayetafuta Ilhamu

Unapotafuta ilhamu, anza na albamu ya familia kabla ya kufungua simu, kwa kuwa picha za mitandaoni wanafunzi wenzako nao wameshaziona, ilhali zile za nyumbani zina historia unayoweza kuifuatilia wewe mwenyewe. Chagua moja na uandike katika daftari mwanga ulitoka upande gani, waliopigwa walisimama vipi, na nani hakuwekwa ndani ya fremu. Waulize wazee waliomo pichani, maana masimulizi yao mara nyingi huzaa wazo la kazi mpya.

Kisha mchague mpiga picha mmoja, ukae na kazi zake kwa muda mrefu. Napendekeza Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kuwapiga wateja picha za nyeusi na nyeupe, mara nyingi uani kwa mwanga wa jua, mbele ya vitambaa vya maua na nakshi. Tazama jinsi kitambaa cha nyuma kinavyokutana na vazi la mteja, halafu lijaribu jambo hilo kwa khanga mbili na mtu unayemfahamu, asubuhi na tena alasiri. Usihangaike kufanana naye. Chunguza ni kipi katika kazi yake kinachokugusa hasa, iwe ni nguo, mikono au heshima anayowapa watu.

Hicho ndicho utakachokifuata mtaani kwako kwa wiki kadhaa, ukipita njia ileile kwa saa tofauti na kuomba ruhusa kila unapotaka kumpiga mtu picha.