Kocha mpya anashinda mfululizo: jinsi ya kupima kama mambo yatadumu

Swali hili huniletewa karibu kila msimu. Safari hii limeletwa na rafiki yangu aliye kwenye kamati ya timu moja ya madaraja ya chini huku Eastlands. Walimpiga kocha kalamu, wakamwachia msaidizi wake timu kwa muda, timu ikaanza kushinda. Sasa nusu ya kamati inataka msaidizi huyo aandikiwe mkataba wa miaka miwili haraka, kabla hajanyakuliwa. Tulikaa na daftari jioni nzima, na njia tuliyoifuata ndiyo hii. Inafaa kwa timu ya mtaa, kwa timu ya Ligi Kuu ya Kenya, na hata kwa ile ya Uingereza unayoipigia kelele kibandani kila Jumamosi.

Unahitaji matokeo ya mechi za misimu miwili, daftari na kalamu. Ukipenda Excel, sawa. Programu za kutabiri matokeo na chaneli za Telegram za mkeka (kamari ya mpira) ziache kabisa. Hazikuonyeshi zilivyofikia jibu, na jibu lisiloonyesha njia halina faida kwa kamati.

Hatua ya 1: Andika matokeo

Tarehe, mpinzani, nyumbani au ugenini, mabao, pointi. Mechi za ligi tu. Za kombe ziwe na ukurasa wake. Songa mbele.

Hatua ya 2: Chagua "kabla" yako kwa makini

"Kabla" ni mechi za kabla ya kocha mpya, zile utakazozilinganisha na zake. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu ukikosea hapa hesabu zote za mbele ni bure.

Watu wengi huchukua mechi tano za mwisho za kocha aliyefukuzwa, wakazilinganisha na tano za kwanza za kocha mpya. Bila shaka mpya atang'aa. Kocha hafukuzwi timu ikiwa kwenye hali yake ya kawaida. Hufukuzwa timu ikiwa imeshuka chini ya uwezo wake. Timu iliyo chini ya uwezo wake huelekea kupanda tena, hata ukimkabidhi dereva wa basi la wachezaji. Mchumi Bas ter Weel aliichunguza ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha timu zilizobadilisha kocha baada ya kuporomoka na timu zilizoporomoka vivyo hivyo lakini zikabaki na kocha wao. Zote zilipanda, na zilizofukuza hazikuwazidi wenzao.

Chukua Manchester United, kwa sababu Nairobi hii kila mtu ana maoni kuhusu Manchester United. José Mourinho alifukuzwa Desemba 2018 akiwa na pointi 26 katika mechi 17 za ligi, yaani 1.53 kwa mechi. Ole Gunnar Solskjær akaingia kwa muda. Mechi zake 12 za kwanza za ligi zilimpa pointi 32: ushindi 10, sare 2. Ukiweka 1.53 kando ya 2.67, lazima useme huyu ni mchawi. Mwishoni mwa Machi 2019 klabu ikampa mkataba wa miaka mitatu.

Sasa panua "kabla". Msimu wa 2017/18 Mourinho alimaliza wa pili kwa pointi 81 katika mechi 38. Ongeza zile 26 katika mechi 17, unapata 107 katika mechi 55, ambayo ni 1.95 kwa mechi. Huo ndio uliokuwa uwezo wa kikosi kile. Solskjær naye, katika mechi zote 21 alizosimamia msimu ule, alipata pointi 40, yaani 1.90. Baada ya zile 32 za mwanzo, mechi 9 za mwisho zilimpa pointi 8 tu. Timu ilipanda, ikapitiliza kiwango chake, kisha ikashuka, na ukijumlisha yote unamkuta palepale alipokuwa mtangulizi wake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: "kabla" ni msimu mzima uliopita pamoja na sehemu ya msimu huu mpaka siku ya kalamu. Usipunguze. Ila kuna mambo ya kuangalia:

Kama timu ilipanda daraja, msimu uliopita haukusaidii sana. Tumia msimu huu peke yake, na ukubali kwamba jibu lako lina ukungu.

Kama dirisha la usajili lilipita katikati na mkaleta mshambuliaji na beki wawili, hiyo ni timu nyingine. Gawanya "baada" mara mbili: kabla ya usajili na baada yake. Wakati mwingine utakuta kocha hakubadilisha chochote mpaka mshambuliaji alipofika.

Ushindi wa mezani uondoe. Kwenye madaraja ya chini wapinzani hukosa nauli ya kuja, au wakiwa wenyeji hukosa ambulensi uwanjani, na pointi tatu zinaandikwa bila mpira kupigwa. Rafiki yangu alikuwa amezihesabu kama kazi ya kocha. Zilipotoka, ule mfululizo ulipungua uzito mara moja.

Kama katikati alipita kocha mwingine wa wiki chache, mechi zake ziingie kwenye "kabla". Najua wanaobishana na hili, mimi sibadiliki.

Ili usidhani kila kocha mpya ni moshi, fanya hesabu hiyohiyo kwa Aston Villa. Msimu wa 2021/22 walipata pointi 45, na msimu uliofuata walikuwa na 12 katika mechi 13 kabla Unai Emery hajakaa kwenye benchi. Hiyo ni 57 katika mechi 51, yaani 1.12. Emery akapata 49 katika mechi 25 zilizobaki, 1.96 kwa mechi, kutoka eneo la hatari hadi nafasi ya saba. Msimu wa 2023/24 akapata 68 na nafasi ya nne, 1.79 kwa mechi. Pengo la namna hiyo, lililovuka msimu mmoja kuingia mwingine, huwezi kulieleza kwa kusema timu ilirudi tu mahali pake.

Hatua ya 3: Nani alikuwa mbele yake

Linganisha mpinzani kwa mpinzani, uwanja kwa uwanja. Kama kocha mpya amecheza na timu nne za mkiani, tafuta kocha wa zamani alipata nini kwa hizohizo nne. Ligi Kuu yetu ina timu 18 na mechi 34, kwa hiyo kila mpinzani anarudi mara moja tu. Ukifika nusu ya msimu unakuwa na cha kulinganisha.

Usichanganye mashindano. Agosti 2025 kocha Benni McCarthy aliiongoza Harambee Stars, timu yetu ya taifa, kwenye mashindano ya Afrika ya CHAN hapa nyumbani Kasarani. Waliifunga DR Congo, Morocco na Zambia, wakatoka sare na Angola, wakaongoza kundi, na mji ukapagawa. Wakatolewa na Madagascar kwa penalti robo fainali. Wiki mbili baadaye, Kasarani hiyohiyo, Gambia wakaja kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia na kutufunga 3-1. Simu za redioni siku ile zilijaa watu wakiuliza kocha amepotezwa na nini. Lakini CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, kwetu na kwa wapinzani. Morocco ile si ile ya Achraf Hakimi anayecheza Ulaya. Hayo ni madaftari mawili, na hakuna hesabu inayoyaunganisha.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu pesa

Huu ni upande ambao takwimu za Ulaya hazitakufundisha. Kwenye timu nyingi za hapa, kuporomoka huanza na mishahara au marupurupu yaliyocheleweshwa. Wachezaji wanakosa mazoezi ya Jumanne kwa sababu hawana nauli, wengine wanakwenda mjengo. Kisha kamati inamfukuza kocha, na ili mpya asianze na mgomo, inatafuta pesa na kulipa malimbikizo. Timu inashinda. Kocha anasifiwa.

Mtafute mweka hazina, si mwenyekiti, umuulize tarehe za malipo, uziandike pembeni mwa matokeo. Ukiona ushindi umeanza wiki ileile pesa zilipotoka, basi swali la kamati si kama kocha atadumu bali kama malipo yatadumu. Uliza pia idadi ya wachezaji mazoezini kabla na baada. Kocha mzuri anaweza kuongeza idadi hiyo hata bila pesa, na hilo mpe alama zake.

Hatua ya 5: Hesabu mashuti

Mabao hudanganya katika mechi chache, mashuti hudanganya kwa kiasi kidogo kuliko mabao. Kwa ligi kubwa za Ulaya ingia tovuti ya Understat usome xG (makadirio ya mabao kulingana na ubora wa nafasi zilizopatikana), bure. Ligi yetu haina xG ya wazi, kwa hiyo utahesabu mwenyewe.

Kaa katikati ya uwanja, juu kadiri jukwaa linavyoruhusu. Ukikaa nyuma ya goli kila shuti litaonekana la hatari. Andika mashuti ya ndani ya boksi tu, mliyopiga na mliyopigwa. Penalti kando, kona na frikiki kando. Karibu na kila shuti andika matokeo yalivyokuwa wakati huo, kwa sababu timu inayoongoza hurudi nyuma na kupigwa mashuti mengi bila kuwa mbovu. Mimi hulinganisha zaidi dakika ambazo matokeo yako sare.

Unachotafuta ni ushindi ambao mashuti hayauungi mkono. Januari 2019 United ya Solskjær iliifunga Tottenham 1-0 pale Wembley, na David de Gea akaokoa mashuti 11. Kwenye jedwali ni pointi tatu, kwenye daftari ni onyo. Kipa wa daraja la tatu akiwa na mwezi mzuri, kocha huonekana profesa.

Hatua ya 6: Subiri kushuka kwa kwanza

Hakuna kocha asiyepitia wiki mbaya. Wapinzani humsoma, mchezaji mmoja huumia, mvua za Aprili huharibu uwanja. Anachofanya hapo kina uzito kuliko ushindi wote wa mwanzo.

Emery huyo niliyemsifu alipoteza mechi tatu mfululizo Februari 2023, dhidi ya Leicester, Manchester City na Arsenal, na kufungwa mabao 11. Mechi 10 zilizofuata hakupoteza hata moja. Solskjær aliposhuka majira ya kuchipua ya 2019, alimaliza kwa sare na Huddersfield waliokuwa wameshashuka daraja, kisha akafungwa 2-0 nyumbani na Cardiff, timu mbili alizozifunga kwa urahisi Desemba. Wapinzani walewale, kocha yuleyule. Wala hilo halimfanyi kuwa bure: msimu wa 2020/21 alimaliza wa pili. Ila akafukuzwa Novemba 2021 baada ya kufungwa 4-1 na Watford.

Hatua ya 7: Mkataba

Mpe hadi mwisho wa msimu, na kifungu cha kuongezwa mwaka mmoja pointi kwa mechi zikibaki juu ya "kabla" ya Hatua ya 2 baada ya mzunguko wa pili kuisha. Mwandikieni namba yenyewe, si maneno kama "matokeo ya kuridhisha", maana maneno hayo ndiyo huleta kesi. Malipo yake yawekeni tarehe maalumu ya mwezi.

Kamati ikisema haiwezi kusubiri kwa sababu kocha ataibiwa, waulize ni timu gani imempigia simu. Rafiki yangu aliuliza. Hakuna aliyeitaja hata moja.