Chavua ya nyuki: vuna kiasi, kausha siku hiyo hiyo

Mahindi yanapotoa mbelewele, simama kando ya mlango wa mzinga asubuhi. Utaona nyuki vibarua wakitua na vidonge viwili vya rangi, kimoja kila mguu wa nyuma. Hiyo ndiyo chavua: vumbi la maua ambalo nyuki amelilowesha kwa nekta na kulifunga ili apate kulibeba. Wateja wa mjini wameanza kuiulizia kama chakula cha nyongeza, na mfugaji wa Njoro, Rongai au Kakamega anaweza kuivuna bila gharama kubwa. Lakini chavua haivunwi kama asali.

Asali ni akiba, ilhali chavua ni chakula cha kila siku cha majana, yaani watoto wa nyuki. Kundi moja hutumia kilo 15 hadi 40 kwa mwaka. Ukiwanyang'anya nyuki kupita kiasi, malkia hupunguza kutaga, na madhara huyaoni mara moja: yai huchukua takriban wiki sita hadi liwe nyuki wa kwenda malishoni. Kwa hiyo funga mtego kwenye kundi lenye nguvu tu, maua yakiwa tele, na uuondoe baada ya siku mbili au tatu ili nao wale. Kundi changa au lililohamia juzi liache kabisa.

Mtego wenyewe ni bamba lenye matundu linalowekwa mlangoni. Nyuki akijipenyeza, vidonge humdondoka na kupita kwenye wavu hadi kwenye trei iliyo chini. Mitego mingi ya kutoka nje hutobolewa kwa kipimo cha nyuki wa Ulaya, karibu milimita 5. Nyuki wetu ni wadogo, na wengi hupita na mzigo wao salama salmini. Fundi wa jua kali anaweza kukutobolea bamba lenye matundu madogo zaidi kwa nusu milimita hivi. Mwambie apige msasa kingo zote, kwa sababu tundu lenye makali hukata mabawa. Acha pia njia ya pembeni kwa nyuki dume, maana hawezi kupenya hapo, na wakifa ndani wataziba mlango.

Mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yenye fremu, ndio rahisi zaidi kwa kazi hii. Kwenye KTBH (Kenya Top Bar Hive, mzinga wa vijiti vya juu) itabidi uzibe matundu mengine ubakize mlango mmoja. Funga mtego jioni, kwa moshi kidogo, na siku chache za mwanzo weka fremu yake bila bamba ili nyuki wauzoee. Nyuki wa Kiafrika wakisumbuliwa sana huhama, na hapo utabaki na mtego mzuri mbele ya mzinga mtupu.

Kazi kubwa iko kwenye kukausha, na ndiko wengi hupotezea mali. Chavua mbichi ina unyevu wa asilimia 20 hadi 30. Ikilala kwenye trei usiku mmoja wa joto huanza kuchacha, na ukungu haukawii. Nyuki huleta nyingi asubuhi, na kanda ya Ziwa mvua hupenda kunyesha alasiri, basi toa trei kabla ya mawingu kukusanyika. Siku ya mvua ondoa bamba kabisa.

Tandaza tabaka jembamba, lisilozidi sentimita moja, juu ya wavu safi ndani ya kikaushio cha jua chenye kivuli. Usiianike juani moja kwa moja: jua hula vitamini na rangi. Joto lisipite nyuzi 40. Kisumu au Busia msimu wa mvua hewa yenyewe ni mbichi, na kikaushio kidogo cha umeme, kinachotumiwa na wafugaji wa kikundi kizima, kitawafaa kuliko kubahatisha. Ili kupima, finya vidonge vichache kati ya vidole viwili. Vikishikana au vikibonyea, rudisha. Vilivyo tayari ni vigumu na hulia kama changarawe ukivimwaga kwenye sahani ya bati.

Kuna suala la dawa, na hapa sina upole. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Kenya mwaka 2017, mahindi yetu hupuliziwa sana, na chavua hubeba mabaki ya dawa kwa urahisi kuliko asali. Nyuki huenda kilomita tatu na zaidi, kwa hiyo zungumza na majirani ujue wanapulizia lini, na usivune siku hizo. Karibu na mashamba ya maua ya Naivasha nisingevuna chavua ya kuliwa hata kidogo. Tazama pia magugu: mimea ya jamii ya mitoo, ile mboga ya kienyeji, na gugu la ageratum inaweza kuwa na sumu ya ini kwenye chavua yake, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha sumu hiyo kwa chavua inayouzwa huko. Trei yenye rangi nyingi ni bora kuliko yenye rangi moja. Ya mahindi peke yake ina protini kidogo.

Kwa mlaji, ukweli ni huu: chavua ina protini ya wastani wa asilimia 20 hivi, pamoja na madini na vitamini. Lakini kijiko cha chai hutoa takriban gramu moja ya protini, na yai moja hutoa sita. Anayetafuta protini anunue mayai au omena. Chavua ni nyongeza ya kutia kwenye uji uliopoa au mtindi, ikilowekwa kwanza usiku kucha ili ganda gumu lilegee. Aanze na punje mbili tatu, kwani wapo ambao mwili huikataa kwa kuvimba koo na kushindwa kupumua. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Watoto wadogo, wajawazito na wanaotumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) wasile bila kumwuliza daktari.

Usiandike kwenye lebo kwamba inatibu kisukari au presha. Andika tarehe ya kuvuna, mahali ilikovunwa na onyo la mzio. Kabla ya kufungasha, iweke kwenye friza ndani ya chombo kilichofungwa siku mbili ili mayai ya nondo wa nta yafe, kisha iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua chombo, la sivyo itavuta maji upya.