Kukarabati chumba cha wageni cha chini kwenye nyumba ya mlimani kwa bajeti ndogo

Nyumba nyingi za Mwanza zilizopanda miteremko ya Isamilo, Bugando, Mabatini na Igogo zina chumba kimoja cha chini ambacho ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo wa mlima. Mbele kuna mlango na dirisha, nyuma ni ardhi tupu. Mara nyingi ndicho wanachopewa wageni. Utakuta rangi ya mafuta ya krimu imebabuka kuanzia magotini kwenda chini, sakafu nyekundu ina nyufa, taa ni moja katikati ya dari, na ukifungua mlango unapokelewa na harufu ya ukungu. Mwenye nyumba akipata fedha ananunua rangi, chumba kinapendeza miezi michache, halafu mvua za masika zinarudi na rangi inavimba palepale.

Mimi ni fundi wa plasta na rangi, na vyumba vya namna hii ndivyo ninavyoitiwa sana. Ushauri wangu kwa kila mwenye bajeti ndogo ni mmoja: fedha ya kwanza itoke nje ya chumba, iende kwenye maji. Ukuta ukishakauka, rangi ya bei ya kawaida na pazia la kushonesha mtaani vitatosha kumfanya mgeni alale kwa raha. Ukuta ukibaki na maji, hata marumaru za gharama zitatoka.

Panga kazi ianze Juni. Mwanza hupata mvua kidogo sana kuanzia Juni hadi Agosti, na vuli huanza kushika Oktoba. Katikati hapo una nafasi ya kuchimba, kupiga plasta na kuiacha ikauke bila kuikimbiza.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi

Kata vipande vya nailoni vya kama sentimita 45 kwa 45. Bandika kimoja kwenye ukuta wa nyuma, kingine kwenye ukuta wa pembeni na kingine sakafuni, kisha ziba kingo zote kwa selotepu pana ili hewa isipite. Acha siku nzima. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanapita ukutani kutoka kwenye udongo. Yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, tatizo ni hewa nzito isiyotoka. Vyumba vingi vina yote mawili, ila ni vizuri kujua lipi linaongoza, kwa sababu dirisha la kuingiza hewa ni rahisi kuliko mtaro.

Usidharau ule unga mweupe unaochanua chini ya ukuta. Ni chumvi. Maji yanapopanda ukutani huibeba kutoka kwenye udongo na saruji, yakifika juu yanakauka na kuiacha. Chembe zake zinapokua ndizo zinazosukuma rangi na plasta mpaka vidondoke. Pale unga unapoishia ndipo maji yanapofika.

Hatua ya 2: Yakate maji nje

Hapa ndipo kazi ilipo, na kwa bahati nzuri sehemu kubwa yake ni nguvu ya mikono.

Panda juu, nyuma ya nyumba, uangalie mvua inashukia wapi. Kama bati halina gata, maji yote ya paa yanamwagika pembeni mwa ukuta ule ule unaolia. Weka gata upande huo kwanza, hata kama pande nyingine zitasubiri. Kisha jenga mtaro wa saruji kwenye ardhi ya juu, sambamba na ukuta, upokee maji yanayoteremka mlimani kabla hayajafika kwenye nyumba. Kila mita moja ushuke angalau sentimita 1, la sivyo maji yatasimama na mbu watazaliana humo. Udongo uliopo kati ya mtaro na ukuta ushindilie vizuri na uuinamishe kuelekea mtaroni.

Maji hayo lazima yatokee mahali. Mlimani kila mtu ana jirani wa chini, kwa hiyo zungumza naye kabla hujapiga sururu, myapeleke pamoja kwenye mtaro wa mtaa. Nimeona ugomvi wa miaka ukianzia kwenye bomba moja lililoelekezwa uani kwa mtu.

Kwa nyumba nyingi gata na mtaro wa juu vinatosha. Ukifanya tena kipimo cha nailoni na bado ukuta unatoa maji, itabidi kuchimba kando ya ukuta wenyewe, kuusafisha, kuupaka lami ya kuzuia maji, kulaza nailoni nzito nyeusi na kurudishia kokoto badala ya udongo, pamoja na bomba lenye matundu chini kabisa la kuyatoa maji. Kazi hii ifanywe na fundi ujenzi mzoefu wa mlimani. Msichimbe chini ya usawa wa msingi, na msifungue urefu wote wa ukuta kwa siku moja. Kama juu kuna mwamba umekaa kwenye udongo, asikilizwe fundi kabla ya bajeti.

Hatua ya 3: Bandua plasta iliyooza

Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapotoa sauti ya uwazi, plasta imeshaachia. Toa yote mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa unga mweupe, uone tofali au jiwe. Unga uondoe kwa brashi kavu na uuzoe nje. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu chumvi itayeyuka na kurudi ukutani.

Rangi ya mafuta ya zamani isuguliwe kwa msasa wa maji, ukuta ukiwa umelowa. Rangi nyingi za zamani za mafuta zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Funga pua na mdomo, waondoe watoto, na mabaki yafungwe kwenye mfuko.

Ukungu mweusi wa kwenye pembe za dari uoshe kwa maji ya sabuni, halafu pitisha jiki, kikombe kimoja kwenye lita 4 za maji, mlango na dirisha vikiwa wazi. Usiichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo.

Hatua ya 4: Piga plasta inayopumua

Dukani utashauriwa utie dawa ya kuzuia maji kwenye plasta ya ndani. Kwa ukuta unaoegemea mlima mimi siitumii upande wa ndani, maana unyevu uliobaki hautakosa njia, utapanda juu zaidi au utahamia ukuta wa pembeni. Natumia ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 ya chokaa na ndoo 6 za mchanga safi wa mto. Plasta hiyo ni laini kidogo, inaruhusu unyevu mdogo utoke bila kuivunja. Imwagilie maji asubuhi na jioni kwa wiki moja, kisha iache. Kabla ya rangi ya dukani nasubiri siku 28.

Hatua ya 5: Umeme na hewa, wakati unasubiri plasta

Soketi iliyo kwenye ukuta wenye unyevu ihamishwe. Mwite fundi umeme mwenye leseni, na kama kwenye saketi hakuna swichi ya kukata umeme unapovuja, aiweke. Hapa usipunguze gharama.

Hewa inahitaji kuingia na kutoka. Dirisha likiwa moja tu la mbele, toboa matundu ya hewa juu ya mlango au kwenye ukuta wa pembeni karibu na dari, uyafunge wavu wa mbu. Dirishani pia wavu, na si kwa mbu peke yao: wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu hufuata taa usiku.

Hatua ya 6: Rangi

Ukuta wa nyuma upake chokaa. Ni rahisi, na unapumua. Lowesha ukuta kidogo, koroga chokaa iwe nyepesi kama maziwa, upake mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke kwanza. Chokaa huchafua nguo kidogo, kwa hiyo kitanda kisiegemee hapo.

Kuta nyingine tatu na dari, rangi ya maji isiyong'aa. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina kama mita za mraba 32 za ukuta ukitoa mlango na dirisha. Ukitoa ukuta wa nyuma wenye mita 3.5, zinabaki kama 22 au 23. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inataka lita 5 hivi: galoni moja ya lita 4 na kopo la lita 1. Praima na rangi ya dari hesabu kando. Dari liwe jeupe kabisa, kuta nyeupe yenye joto kidogo. Rangi ya mafuta ibaki kwenye mlango na fremu tu.

Hatua ya 7: Sakafu

Usitandike kapeti la plastiki. Linafunika unyevu, na baada ya muda ukilifunua utakuta ukungu na harufu ile ile uliyoikimbia. Ziba nyufa kwa saruji na mchanga laini, sugua, kisha paka nta nyekundu ya sakafu. Kando ya kitanda weka mkeka au zulia dogo linaloweza kutolewa juani.

Hatua ya 8: Kitanda, taa na pazia

Kitanda cha zamani cha mninga usikiuze. Kisugue kwa msasa namba 80, halafu 120, umalizie na 220, upake vanishi mikono miwili na ubadilishe chaga zilizovunjika. Kitakuwa kizuri kuliko vingi vya dukani. Kiache nafasi ya sentimita 5 au zaidi kutoka ukutani, kabati vilevile, na kabati lisikae kabisa kwenye ukuta wa nyuma. Chandarua kining'inie tayari, mgeni asianze kukiulizia.

Dari likiwa chini, taa moja ya katikati huonyesha kila kasoro. Weka mbili za pembeni, usawa wa kichwa cha aliyekaa, balbu za LED za wati 5 hadi 9 zenye mwanga wa njano. Kwenye boksi utaona 2700K au 3000K. Fimbo ya pazia iwe juu karibu na dari na izidi dirisha sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe mwanga. Kitambaa cha marekani kisichotiwa rangi kinatosha.

Oktoba mvua za kwanza zikishanyesha, bandika tena kipande cha nailoni kwenye ukuta wa nyuma. Kikitoa matone, panda kwanza ukakague gata na mtaro. Mara nyingi utakuta majani na udongo vimeuziba, na chepe moja inamaliza kazi.