Paramesia kwenye chupa ya nyasi kavu

Ili kufuga paramesia, viumbe wadogo wa seli moja wanaoonekana kwa hadubini: kiganja kimoja cha nyasi kavu zilizokatwakatwa, kijiko cha tope la bwawa lililokuwa chini ya majani yanayooza, na nusu lita ya maji ya mvua kwenye chupa ya mdomo mpana. Kama una maji ya bomba tu, yaache wazi siku nzima klorini ipungue. Funika kwa kitambaa, usikaze kifuniko, na weka kivulini. Jua likiipiga chupa unabaki na uvundo mtupu.

Siku ya 2 au 3 maji yanafanya ukungu. Hao ni bakteria, usimwage! Paramesia, wanaowala, huja baadaye. Kuanzia siku ya 5 hivi, chota tone kwenye utando wa juu, kando ya unyasi, ndiko wanakojazana.

Weka tone kwenye kioo cha hadubini na ulifunike kwa kioo chembamba. Tone likizidi, kioo cha kufunikia kinaelea na kila kitu kinateleza. Nyonya ziada kwa pembe ya karatasi ya chooni. Nyuzi mbili tatu za pamba chini ya kioo huwapunguza mbio paramesia. Anza na lenzi ya kukuza mara 4 au 10, kisha punguza mwanga wa hadubini: miili yao haina rangi, mwanga mkali unawafuta kabisa.