Jinsi ya Kuutambua Mkaratusi wa Tasmania kwa Matumba Yake

Australia ina zaidi ya spishi 700 za mikaratusi, na anayejaribu kuzitofautisha kwa urefu wa mti au harufu ya majani atakosea mara nyingi, kwa kuwa nyingi zina mafuta yenye harufu kali na majani marefu yanayoning'inia. Ninashauri uanze na matumba ya maua.

Tumba la mkaratusi lina kifuniko ambacho hudondoka kizima ua linapochanua, na stameni nyingi (nyuzi zinazobeba chavua) hujitokeza kama brashi. Kifuniko hicho ndicho kilicholeta jina Eucalyptus, alilolitoa Mfaransa L'Héritier mwaka 1788 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kilichofunikwa vizuri". Ukikuta petali zilizo wazi na hakuna kifuniko, huenda mti huo ni jamaa yake, Angophora.

Mkaratusi wa Tasmania, yaani Eucalyptus globulus, mwenyeji wa kisiwa cha Tasmania na kusini mwa jimbo la Victoria, hutoa tumba moja tu katika kwapa la jani, yaani pembe kati ya jani na kijiti. Tumba hilo ni kubwa, karibu halina kikonyo, limepakwa nta ya rangi ya kijivu, na lina vinundu na mbavu nne ambazo utazihisi ukilizungusha kati ya vidole hata ukiwa umefumba macho. Matumba yakiwa matatu katika kila kwapa, fikiria spishi ya Eucalyptus bicostata; yakiwa saba, Eucalyptus maidenii. Kwa sababu hiyo, yahesabu yakiwa bado tawini, kwani tumba lililookotwa chini litakuonyesha umbo lakini halitakuambia lilikuwa na wenzake wangapi.

Kisha tafuta machipukizi kwenye kisiki au mche ulio karibu. Majani machanga ni ya buluu-kijivu, hayana vikonyo, nayo hukaa mawili mawili yakielekeana kwenye kijiti chenye pembe nne. Yale ya mti mzima ni ya kijani, yamepinda kama mundu, na hupishana tawini. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba asiyejua hudhani ni miti miwili, hivyo chukua sampuli za aina zote mbili.

Gome hubanduka kwa vipande virefu na kuacha shina laini, ila spishi nyingine nyingi hufanya vivyo hivyo. Litumie kuthibitisha tu kile ambacho matumba yamekwisha kukuonyesha.