Anza na saa ya kuamka

Ukitaka kumpangia mtoto utaratibu mzuri wa kila siku, anza na saa ya kuamka badala ya saa ya kulala, kwa sababu mtoto anayeamshwa wakati uleule kila asubuhi, hata siku zisizo za shule, baada ya muda huanza mwenyewe kusinzia mapema usiku. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 huhitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukiwemo wa mchana, na wa miaka 6 hadi 12 huhitaji saa 9 hadi 12. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuonyesha wakati wa kumpeleka kitandani. Saa nzima kabla ya hapo, zima televisheni na uweke simu mbali, kisha mambo yafuatane vilevile kila siku: kuoga, kupiga mswaki, hadithi fupi, taa kuzimwa. Kwangu mfuatano huo una uzito kuliko dakika zenyewe, maana mtoto mdogo hajui kusoma saa, lakini anajua vyema kwamba baada ya mswaki huja hadithi. Usiongeze jambo jingine, hata la masomo, mpaka hili liwe limezoeleka.